Nimekamata Ine

Mimi ni mtu wa nukta. Kazi yangu ni kutembea na GPS, kifaa cha manjano kinachotosha kiganjani, kutoka Kasongo hadi vijiji vya Kabambare ambavyo hata motari, wale wa pikipiki za abiria, wenye roho ngumu wanavikwepa. Nikifika kwenye chemchemi, zahanati au daraja lililovunjika, nasimama, nasubiri kifaa kikamate satelaiti, nabonyeza, nukta inaingia. Ofisini wanaichora kwenye ramani. Ramani ikikamilika mradi unaisha, na daraja linabaki vile vile. Nimeifanya kazi hii mpaka magoti yangu yanaijua milima kuliko macho, na sitamdanganya mtu kwamba bado naipenda.

Kwetu kila kitu kinakamata au kinakamatwa. Moto unakamata kuni, mimba inakamata, simu inakamata reseau, yaani mtandao, askari wanakamata watu. Na GPS inakamata satelaiti. Aliyenifundisha kazi alinieleza kwamba tatu za kwanza zinakuambia mahali ulipo, na ya nne inasahihisha saa ya kifaa, maana saa ile ni ya bei rahisi na ikikosea hata kidogo sana utajikuta umeandikwa kijiji kingine. Chini ya nne hakuna nukta ya kuaminika. Kwa hiyo ikifika nne tunapiga kelele kama wacheza karata: nimekamata ine! Ine ndiyo nne ya kwetu.

Watu hudhani satelaiti ina sauti kubwa kwa kuwa iko juu. Sivyo. Ikitufikia huku chini imekuwa hafifu mno, imezama ndani ya mvumo wa kila kitu kingine kilicho hewani. Kifaa kinaisikia kwa sababu moja tu: kinajua tangu mwanzo kitakachosemwa. Kila satelaiti ina wito wake mrefu inaourudia bila kuchoka, na kifaa kina nakala ya kila wito tumboni. Kinachukua nakala, kinailinganisha na mvumo, kinaisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka vikutane. Mama yetu alituita hivyo hivyo. Shamba letu la mpunga lilikuwa bondeni, na mvua ikipiga majani ya migomba humsikii hata mtu aliye pembeni yako. Lakini mama alikuwa na wito wa kila mtoto, maneno ya Kizimba, lugha yetu, aliyoyapanga kwa namna moja na kuyarudia yale yale, na mimi nilikuwa naukamata wangu katikati ya mvua, dada yangu anaukamata wake. Wa mwenzangu ulinipita kama upepo.

Huyo dada ni mkubwa wangu, ndiyo maana namwita yaya, na habari hii ni yake kuliko yangu. Zamani kidogo alikuwa anauza mchele Salamabila, na mama alienda kukaa naye. Mapigano yalipowafukuza, mimi nilikuwa kazini upande ule ule, nikakutana nao njiani, tukashuka kwa miguu kuelekea Lusangi pamoja na umati wa wakimbizi. Mama hakufika. Homa ilimkamata, akawa anaomba tukae kidogo, kisha tukae tena kidogo, mwishoni akakaa bila kuomba. Tulimzika kwenye mteremko juu ya kijito, kwa jembe la kuazima, amefungwa mkekani. Yaya akamwekea kikombe chake cha bati cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni, kwa sababu mama hakuwahi kukubali kunywa kwa kikombe kingine.

Wenzetu walikuwa wanatuhimiza. Nikatoa GPS, ikakamata, nikabonyeza. Kifaa kikaniuliza jina la nukta. Kuandika jina zima kwa kitufe kile, herufi kwa herufi, mkono wangu ulikataa. Niliandika M peke yake, nikabeba mizigo tukaendelea.

Katika mradi wetu M ni alama ya maji. Miezi ilipopita, ofisini waliniuliza mbona chemchemi moja njia ya Salamabila haina maelezo. Nikawaambia imekauka.

Sasa yaya ni mgonjwa. Tumbo lake limevimba, na zahanati ya Kasongo ilisema wazi kwamba wao wamefika mwisho, apelekwe Bukavu. Alikataa. Wafanyabiashara walikuwa wameleta habari kwamba dhahabu imeonekana kwenye kijito kile na kwamba mashimo yanapanda mteremko, wiki hii hapa, wiki ijayo pale.

"Mudogo wangu," akaniambia, "mimi siendi popote, mama iko kule na watu wanachimba. Umulete. Alale hapa karibu na kaburi ya baba. Kisha munipeleke kule munataka."

Nilikasirika, nasema kweli. Mifupa ina subira kuliko tumbo. Lakini kubishana na yaya ni kutwanga maji kwenye kinu. Alikuwa ameshashona mfuko wa kitambaa cheupe wa kumbebea mama, kwa mkono, mishono imepinda. Niliukunja nikauweka kwenye begi, nikatafuta motari.

Njia sitaisimulia. Aliyepita Kabambare wakati wa mvua anaijua, na ambaye hajapita abaki na bahati yake. Tulilala Lusangi. Asubuhi, kabla ya kuondoka, niliwasha GPS uwanjani, nikaiacha ikamate taratibu chini ya mbingu nyeupe. Hiyo ni akili ya kazi. Kifaa kikiwashwa baada ya kulala muda mrefu hakijui ni satelaiti zipi ziko juu yake, kinajaribu nakala zote moja baada ya nyingine na kinachoka mapema. Kikishakula habari mpya asubuhi, baadaye hakitafuti tena zote. Kinajua nani yuko upande gani. Nikabadilisha na betri, zile tunazoziita mawe, nikavaa gilet, kizibao changu cha kazi chenye mistari inayong'aa, kwa sababu vizuizini gilet inapunguza maswali.

Mteremko sikuutambua. Niliuacha na miti, nikaukuta ni udongo mwekundu uliopasuliwa kila upande, mashimo mapana na mashimo membamba, pampu ya maji inakohoa kijitoni, na wanaume wamepakwa tope mpaka kwenye kope. Njia ya gari ilikuwa imefika hadi pale. Mwisho wake ilisimama jeep moja nyeupe, imeinama upande kama mbuzi mwenye mguu mbaya.

Nilifungua GPS ili inionyeshe M. Haikuwa na kitu. Vijiti vyote vya satelaiti kwenye kioo vilikuwa vimelala. Nikasogea, nikangoja, nikasogea tena. Nikaanza kuitukana, kifaa cha watu kisicho na kosa. Kila nilipoikaribia jeep ilizidi kuwa kiziwi, na hapo nikaelewa, kwa sababu jambo hilo niliwahi kulisikia kwa wenzangu wa kazi. Nikachungulia kioo cha jeep. Mbele, karibu na usukani, kulikuwa na kidude cheusi chenye antena fupi na taa nyekundu.

Dereva alikuwa amekaa kivulini mwa gari. Nikamsalimu vizuri, nikamwomba akizime kidogo.

"Papa, unisamehe," akasema. "Hiki kidude njo kinanilindaka. Mwenye gari iko Bukavu, anaangaliaka gari yake kwa telephone. Alikataza ifike kwenye mashimo. Nikizima, gari ikipata reseau ataona nilifika Kabambare, na kazi yangu inaisha."

"Basi sogeza gari."

"Risori, springi ya chini, imekatika. Wenzangu walienda Salamabila kutafuta ingine."

Nilimweleza kuhusu mama. Alitazama chini, akasema pole, akarudia pole, akaniambia kwamba ana watoto. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye nisingezima.

Kidude kile hakisemi neno lolote. Kinapiga kelele tu, kwenye mlango ule ule ambamo wito wa satelaiti unaingilia, ili gari lisijijue liko wapi na lisimwambie mwenyewe. Na kelele hazichagui sikio. Gari likiwa kiziwi, jirani naye anakuwa kiziwi. Wazee walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini hawakuwahi kutafuta satelaiti kando ya jeep ile.

Nilifanya yote ninayoyajua. Niliipa jeep mgongo nikakibana kifaa kifuani, kwa sababu mwili wa mtu ni maji mengi na maji yanameza kelele za namna hiyo. Vijiti viwili vikainuka, vikaanguka. Niliazima karai la kuoshea dhahabu, nikaliegemeza kati ya kifaa na gari. Kijiti cha tatu kikaja, kikacheza, kikapotea. Motari wangu, mwanaume mwenye maneno mengi, alikuwa amekaa juu ya pikipiki akisema jua linaenda, kana kwamba mimi ndiye ninayelisukuma. Nilichoka hivi kwamba nilitamani kulala pale pale udongoni na kumwambia yaya kwamba sikupaona.

Kisha nikaona jambo dogo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu asubuhi. Kelele zilitoka pembeni, satelaiti ziko juu. Nilichohitaji ni ukuta kila upande na dari isiwepo, na mahali pale palikuwa pamejaa vitu vya namna hiyo. Nikachagua shimo moja pana lisilokuwa na mtu, lenye ngazi zilizochongwa kwenye udongo, nikashuka hadi kichwa kikapotea. Motari akabaki ukingoni.

Chini palikuwa na baridi na harufu ya udongo mbichi. Nilikilaza kifaa juu ya jiwe, nikakaa kando bila kukigusa. Kikitulia kinaweza kuusikiliza wito ule ule tena na tena na kuukusanya, kama mtu anayejaza mtungi kwa kijiko, ukikitingisha unamwaga. Juu yangu kulikuwa na kipande cha mbingu tu. Kijiti kimoja kikasimama. Cha pili kikasimama, hakikuanguka. Cha tatu. Kisha, baada ya muda mrefu wa kukitazama kioo mpaka macho yakatoka machozi, cha nne.

"Nimekamata ine!" nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "Nimekamata ine!"

"Ine tu?" motari akajibu kutoka juu, kwa sauti yake ile ya sokoni. "Tafuta ya tano!"

Nikaita nukta M. Kifaa kikafikiri, mshale ukatokea. Ukaelekeza mbele yangu. Nikapiga hatua, ukaelekeza nyuma. Nikarudi, ukaelekeza kushoto, kisha ukaanza kuzunguka polepole bila kusimama. Mtu wa kazi hii anajua maana yake. Mshale unazunguka namna hiyo ukishafika, kwa sababu hauna tena pa kukutuma.

Nilitazama kuta za shimo. Nilitazama miguu yangu. Najua kwamba nne tu, tena zote za juu ya kichwa, zinaweza kukosea mita kadhaa, na nilijiambia hivyo, nikajiambia tena. Lakini shimo lilikuwa pana kuliko hizo mita. Popote alipokuwa mama, palikuwa pamechimbwa, na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake na viatu vyangu. Nikakaa chini. Uchungu ulikuja mzima mzima, na pamoja nao aibu ya kurudi Kasongo na mfuko mtupu.

Nikiwa nimekaa hivyo nikagundua kwamba kumekuwa kimya. Hakuna jembe, hakuna sauti ya mtu. Pampu peke yake ilikuwa inakohoa kule kijitoni.

"Mukubwa," motari akasema taratibu, "umefukuza watu."

Nikapanda ngazi. Mteremko mzima ulikuwa mtupu. Makarai yametupwa, ndala zimeachwa, majani ya porini bado yanatikisika. Motari akaninong'oneza kwamba siku zilizopita askari walikuwa wamefika kukamata wachimbaji, na leo ametokea mtu mwenye gilet na kitu mkononi kama redio, anaingia shimoni na kupiga kelele kwamba amekamata wanne, na mwenzake anamwambia amtafute wa tano. Dereva wa jeep naye alikuwa amekimbia. Gari lilibaki na taa yake nyekundu, hata kukimbia kwa dereva hakukuizima.

Aliyebaki alikuwa mtu mmoja, mama mpishi wa wachimbaji, amesimama kando ya chungu chake na mwiko mkononi, ananitazama kwa macho ya mtu aliyeona mengi.

"Mimi nimechoka kukimbia," akasema. "Kama unakamata, kamata. Lakini maharagi yangu itaungua."

"Mama, sikamate watu."

"Na wale wane uko nao wapi?"

"Si watu. Ni satelite."

"Iko wapi?"

"Iko juu."

Akaangalia juu, muda mrefu kidogo. "Ilifanya nini?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, na mama yule akaweka mwiko chini akanisubiri. Nilipoweza kusema nikamwambia kwamba namtafuta mama yangu, tulimzika hapa tukikimbia, na kifaa kinasema yuko ndani ya shimo lile. Hakunipa pole. Aliniuliza swali moja tu.

"Alikuwa na kikombe?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akafunika chungu, akaniambia nivue ile gilet niwaache watu warudi, akatangulia kupanda.

Akinisimulia njiani hakugeuka nyuma. Wachimbaji walimkuta mama yangu wakati shimo lile linafunguliwa. Yule mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG kama mkubwa wa kampuni, alisema waitupe mifupa pembeni kazi iendelee. Wachimbaji wakagoma. Walisema mutu akiondolewa kwake bila adabu, dhahabu inakimbia. Wakamkusanya katika turubai jipya. Mmoja wao, Mwislamu kutoka upande wa Nyangwe, akasoma dua zake. Mwingine, Mprotestanti wa Kivu, akaimba wimbo wa mazishi. Wakamlaza juu kabisa ya kilima, mahali ambapo hakuna dhahabu.

Lilikuwa kaburi dogo, limezungushiwa mawe meupe ya kijitoni. Kichwani walikuwa wamesimamisha kijiti, na juu ya kijiti kikombe cha bluu kimepinduliwa, kimebanduka rangi mdomoni. Udongo wa kulizunguka ulikuwa umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Nikauliza kwa nini watu wanafika hapo sana.

"Ni hapa tu telephone inakamata," mama mpishi akasema. "Tunasemaka: naenda kwa Koko, kuita nyumbani."

Koko ni bibi. Nilitoa GPS ili nimwekee mama nukta mpya. Haikukamata hata moja. Kutoka kilimani jeep ilionekana wazi chini yetu, na hapakuwa na ukuta wa kujifichia. Nilijaribu kidogo tu, kisha nikakizima, nguvu zangu zilikuwa zimeisha. M bado iko shimoni kwenye kifaa changu, na kwenye ramani ya ofisi bado ni chemchemi iliyokauka.

Wachimbaji walianza kurudi, mmoja mmoja. Nikapiga simu Kasongo. Yaya akapokea mara moja, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi tangu asubuhi.

"Uko naye?"

"Niko naye, yaya."

Nikamweleza habari yote. Wakati huo kijana mmoja wa tope alikuwa amefika kwa upande wa pili wa mawe. Akavua kofia, akagusa kikombe kwa vidole viwili na kuinua simu yake juu.

"Jambo Koko," akasema kwa sauti. "Unipe reseau, niongee na watoto."

"Ni nani huyo?" yaya akauliza. "Anaomba mama nini?"

"Reseau."

"Na mama anamupatiaka?"

Kijana alikuwa ameshaanza kucheka na mtoto wake kwenye simu.

"Anamupatiaka," nikasema.

Mkono wangu mwingine ulikuwa tayari ndani ya begi, umeshika mfuko.

"Umuache," yaya akasema. "Hapa baba iko peke yake, hakuna mutu anamuomba kitu. Umuache na watu wake. Ukirudi, munipeleke Bukavu."

"Sawa, yaya."

"Lakini ule mufuko usiuache huko. Urudi nao. Nitaenda nao Bukavu. Nisiporudi na miguu, nitarudi ndani yake."

Nikautoa, nikaupangusa udongo ulioingia kwenye mishono, nikaukunja upya na kuurudisha ndani ya begi.